Viazi Vilikuwa Bado

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kama mmesimama, tafuteni kiti kwanza. Si ombi. Ninawajua. Mnakula mkitembea, mnasoma mkitembea, na mama zenu wakiwaongelesha mnaangalia simu huku kichwa mnakitikisa kama mjusi ukutani. Mimi sikuwa na simu ya kuangalia. Nilikuwa na jiko. Yote ni mamoja.

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo nitaandika vile ninavyosema. Mjukuu wangu amenirekebishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Nataka kuwaambia habari ya siku tatu alizozipanga binti yangu, na mimi nikamsaidia kuzipanga. Katika hizo siku tatu aliniomba kitu kimoja tu. Aliniomba nikae kando yake asubuhi moja. Basi. Kila kitu kingine kilichohitajika nilikifanya, na nilikifanya vizuri. Hicho kimoja sikukifanya.

Binti yangu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Ni kazi ya miguu. Alitoka hapa Mbotela asubuhi na mkoba wake begani, akapita nyumba kwa nyumba, siku nyingine mpaka Dandora, akiangalia wagonjwa waliolala majumbani. Akirudi alikuwa haongei sana juu ya wagonjwa. Aliongea juu ya wale wanaowauguza. Kuna mama alikuwa amemgeuza mumewe kitandani miaka sita. Kuna mwingine ana kijana mkubwa wa kifafa, na tangu huyo kijana azaliwe hajalala usingizi wa kushiba.

"Mathe, hawa ndio wagonjwa," aliniambia. "Yule mwingine angalau amelala. Huyu amekwisha na bado amesimama."

Siku moja akaja na kalamu na karatasi, akakaa pale mezani. Alitaka kuchukua kina mama ishirini na wanne wanaouguza watu, awapeleke mahali kwa siku tatu. Wasipike, wasifue, wasigeuze mtu. Walale. Watembee kwenye nyasi. Mwalimu wa mazoezi awanyooshe migongo. Na siku ya pili, saa nne asubuhi, wakae kwa mduara, kila mmoja aseme kile amebeba. Kwa Kiingereza kitu hicho kina jina lake, nimelisahau makusudi. Yeye aliyaita mapumziko.

Nikamuuliza, "Na nani atawalisha?"

Akacheka. "Nilijua utauliza hiyo kabla ya kuuliza ni wapi."

Lazima niwaeleze. Hapa mtaani mimi ndiye mama wa jikoni. Mtu akifariki, kabla mchungaji hajafika mimi nimefika. Ninajua sufuria ngapi zitatosha, magunia mangapi ya makaa, viti vitatoka wapi, dereva yupi wa basi halewi. Kuna mistari ya nyumba hapa Mbotela ambayo nimeipikia matanga mlango kwa mlango. Hata mume wangu mwenyewe alipofariki, nilipika. Watu walisema, "Yule mama ni jiwe." Mimi nikadhani wananisifu.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Siku hiyo nzima alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Hakulia, alikaa tu. Na mimi nikiwa na sinia la chai mikononi nilimruka. Nilimruka nikienda, nikamruka nikirudi. Sikumbuki ni mara ngapi. Yeye alikumbuka.

Tukaanza kupanga. Mimi nasema, yeye anaandika. Sufuria kubwa nne. Mwiko wa mbao mrefu. Chupa za chai kumi na mbili. Maji ya mitungi, kwa sababu huwezi kuamini mfereji wa mahali usipopajua. Blanketi mbili kila mtu, kwa sababu tulikuwa tunaenda Limuru, kwa nyumba ya masista iliyo juu kabisa kwenye majani chai, na Limuru baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Basi moja. Mtu wa kuhesabu watu wakipanda na kuhesabu tena wakishuka.

Aliandika mpaka katikati ya karatasi, akaweka kalamu chini.

"Mathe, hii ni orodha ya matanga."

"Watu ni watu," nikamwambia. "Ila wasiofiwa hula zaidi kidogo. Ongeza mchele."

Kazi ngumu haikuwa chakula. Kazi ngumu ilikuwa wagonjwa. Ukimwondoa anayeuguza siku tatu, anayeuguzwa anabaki na nani? Hapo ndipo mimi na binti yangu tulifanya kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya pamoja. Tuliandika karatasi ya zamu. Ilikuwa na mistari mitatu ya kushuka chini. Wa kwanza, mgonjwa. Wa pili, anayeshika zamu. Wa tatu, mambo ya kujua. Kina mama wa kanisa letu nikawagawanya kama ninavyowagawanya kwenye matanga, huyu hapa, huyu pale, na hakuna aliyenibishia. Ule mstari wa tatu tulienda kuujaza mlango kwa mlango, mimi na yeye. Huyu hunywa uji kwa mrija. Huyu aitwe Mwalimu, ukimwita mzee hatakula. Huyu mpira ukiisha redioni mwambie nani ameshinda, hata kama anaonekana hasikii.

Tukitembea hivyo alikuwa ananishika mkono tukivuka barabara ya Jogoo. Nilimwambia mimi si mgonjwa. Akasema, "Najua, Mathe. Nimetaka tu."

Halafu ikaja habari ya mikeka. Alitaka ile ya mpira ya mazoezi. Nikamwambia aache upuzi, mimi nina rafiki Majengo, mama wa Kiislamu tuliyeuza naye mboga miaka mingi, na yeye ana mikeka ya ukindu ya kutandika harusini na matangani. Huyo rafiki yangu naye alikuwa anamuuguza dada yake aliyepooza, kwa hivyo alikuwa kwenye hesabu ya wale ishirini na wanne.

"Nitamwomba mikeka ishirini na minne," nikasema.

"Ishirini na mitano," binti yangu akasema.

"Mduara ni wa watu ishirini na wanne."

"Mimi nitaketi kwa wa kwangu nilionao. Wa ishirini na tano ni wako." Hapo aliacha kuniita Mathe. "Mama, hiyo asubuhi ya pili nataka ukae kando yangu. Saa moja tu. Usibebe kitu, usipike kitu. Ukae. Utakaa?"

Nikamwambia, "Nitakaa."

Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa. Akaandika kwenye orodha, ishirini na mitano.

Kitu kingine kilichomsumbua ni maneno. Kina mama wa mtaa hawawezi kufungua mioyo yao leo, halafu kesho wasikie habari zao kwa mama muuza samaki. Nikamwambia hilo aniachie. Nikazunguka kwa kila mmoja wa wale ishirini na wanne, nikasimama mlangoni, nikasema hivi: "Kitakachosemwa kwenye mduara kisivuke mlango. Atakayekivusha asikanyage kwangu tena, na hata mimi nikifa asije kunipikia." Wananijua. Hakuna aliyecheka.

Binti yangu aliposikia aliniuliza, "Hata wewe, Mathe? Kisikufikie hata wewe?"

"Mimi nitakuwa ndani ya mduara," nikamjibu. "Kinifikie kikitoka wapi?"

Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili: Mapumziko ya kina mama wa Mbotela, basi litaondoka Ijumaa saa moja asubuhi, wahusika wafike mapema na blanketi zao. Saa tisa mchana nikasikia hodi. Wanawake watatu, leso zimefungwa viunoni, mmoja amebeba sukari, mwingine majani chai, nyuso zimeanguka.

"Pole sana, mama," wakasema. "Nani amepumzika?"

"Hakuna aliyepumzika. Tunaenda kupumzika."

Wakaangaliana. Yule wa sukari akauliza polepole, "Wote?"

Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka ameshika ubavu, akasema, "Wacha, wacha, naumia." Nilidhani ni kicheko.

Sukari hatukurudisha. Tuliipeleka Limuru.

Na Ijumaa asubuhi basi lilipofika, dereva alikuwa amefunga vitambaa vyekundu kwenye vioo vya pembeni, kama wanavyofunga magari ya mazishi. Aliona mimi nimesimama pale na sufuria, mikeka na machupa ya chai, akajua kazi ni ile ile. Nikamwambia avitoe.

"Si mnaenda kuzika, mama?"

"Tunaenda kupumzika."

"Si ndio hiyo hiyo," akasema, na akavifungua.

Kina mama walicheka basi zima. Hata binti yangu alicheka, lakini aliangalia dirishani.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kujisema mwenyewe, na sitajipunguzia. Kule Limuru mimi sikuhitajika jikoni. Binti yangu alikuwa amepanga mpaka hilo. Masista walikuwa wametutafutia wasichana wawili wa pale karibu, wanaojua kupika, wenye adabu, na jikoni safi. Ijumaa mchana niliingia kuwaonyesha mahali pa chumvi. Nikaona mmoja anakata kabeji nene kama majani ya kulisha ng'ombe. Nikamwambia lete kisu. Jioni wote wawili walikuwa wanachota maji na kuosha vyombo, na mimi ndiye nilikuwa kwenye moto.

Jumamosi ilianza na ukungu. Nje kina mama walikuwa wamelala chali kwenye mikeka ya Majengo, mwalimu anawaambia wavute pumzi, waitoe. Nilimsikia rafiki yangu akisema kwa sauti, "Mwalimu, mimi nikiitoa yote sitabaki na ya kurudi nayo Majengo." Wakacheka. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Saa nne ilipokaribia waliingia ukumbini. Dirisha la jikoni linaangalia ukumbi, na milango yake ya kioo ilikuwa wazi. Niliona wanatandika. Nilimwona binti yangu anatandika wake, kisha anatandika wangu kando ya wake. Upepo ukainua pembe ya mkeka wangu. Akavua viatu vyake, akaviweka juu yake visimame pale kama mtu aliyekaa.

Nikafunua sufuria. Kuni zilikuwa mbichi. Viazi vilikuwa bado.

Alimtuma mama wa kwanza aniite. Nikasema ninakuja. Akamtuma wa pili, rafiki yangu wa Majengo. "Shoga, mtoto anakungoja." Nikasema, "Nimesikia." Kutoka ukumbini nilisikia mama mmoja ameanza kusema, halafu sauti yake ikakatika, halafu akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Walimwacha alie. Mimi maisha yangu yote mtu akilia ninampa kikombe cha chai mkononi, na mikono ikiwa na kazi macho hukauka. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo mtu analia na hakuna chai. Vijana, mnaona? Nilikuwa naogopa. Nilizika mume na sikulia mbele ya mtu, na nilijua kwamba nikikaa kwenye ule mkeka nitaulizwa nimebeba nini, na huenda nikajibu. Lakini ungeniuliza siku ile ningekwambia ni viazi.

Mara ya tatu alikuja mwenyewe. Alikuja miguu mitupu kwenye sakafu ya simiti na baridi ile.

"Mama, umemaliza?"

"Viazi bado."

"Vitaiva vyenyewe."

"Hakuna kiazi kimewahi kuiva chenyewe. Na hivi vingine hata havijamenywa."

"Wale wasichana wapo."

"Wale hawajui."

Alivuta kiti kidogo, akachukua kisu, akaanza kumenya. Alimenya kiazi cha kwanza, cha pili. Nilimwona mikono yake imekuwa myembamba, na badala ya kuuliza nikasema, "Unamenya nene. Unatupa nusu ya kiazi."

"Pole," akasema, na cha tatu akakimenya nyembamba sana. Cha nne. Cha tano. Mara moja alifungua mdomo. Mimi nikawa nimeinama napuliza moto, moshi umeniingia machoni, nikamwambia, "Nipe ule mfuniko." Akanipa.

Akatumbukiza kiazi cha tano kwenye maji. Akafuta mikono, si kwa nguo yake, kwa aproni yangu, vile alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. Akarudi ukumbini.

Sikusikia alichosema huko. Kuni zilikuwa zimeshika, na sufuria ilikuwa inachemka kwa kelele.

Chakula kilisifiwa sana. Jumapili tuliporudi, kina mama walishuka basi wakanikumbatia mmoja mmoja, na rafiki yangu wa Majengo akanishika muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikamwambia aniache nihesabu watu. Nilidhani ni shukrani ya chakula. Watu walikuwa ishirini na sita, mimi na binti yangu tukiwemo, hesabu ilikuwa sawa. Nilijivunia hesabu.

Baada ya hapo wale kina mama wakaanza kuja nyumbani. Jumanne mmoja, Alhamisi mwingine. Wanamchukua binti yangu asubuhi, wanarudi naye alasiri. Nikauliza mnaenda wapi kila wiki. Wakaangalia chini. Mmoja akasema, "Tunapanga mapumziko mengine, mama."

Nikafurahi! Nikawaambia safari hii wachukue blanketi tatu, mbili hazikutosha. Nikawaambia kuni wanunue mapema zikauke. Nilisimama pale mlangoni nikiwapa mawaidha, na yule mama anatikisa kichwa, "Ndiyo mama, ndiyo mama," na binti yangu amemwegemea begani.

Alikuwa anakonda. Nikamwambia anatembea sana. Nikampikia supu ya miguu. Akinywa kidogo anasema ameshiba, na mimi namgombeza kwamba anapoteza chakula. Yote hayo nilimgombeza nikiwa nimesimama.

Ilifika Julai, ile baridi ya Julai. Alikuwa amelala mchana, tabia ambayo hakuwa nayo, na mjukuu wangu, huyo ni mtoto wake wa pekee, alikuwa shuleni. Mimi nilitaka ufunguo wa stoo nikachukue makaa. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wake wa kazi. Nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla ya kuifungua. Ilikuwa karatasi ya zamu, ile mistari yetu mitatu. Nikafikiri ni ya mapumziko mengine. Nikaiweka juu ya meza nione kama wamekosea mahali.

Mimi husoma kwa kidole. Kidole kikashuka mstari wa kwanza, mgonjwa. Lilikuwa jina moja kutoka juu mpaka chini. Jina nililompa mimi, la mama yangu.

Mstari wa pili, anayeshika zamu. Wote walikuwemo. Rafiki yangu wa Majengo alikuwa na Jumanne. Mama wa kijana wa kifafa alikuwa na Alhamisi, yeye ambaye hajawahi kulala.

Mstari wa tatu. Akitoka kuwekewa dawa hutapika, beba mfuko na maji ya ndimu. Hapendi kuhurumiwa, mchekeshe. Usimruhusu abebe mkoba. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: Mama asiambiwe na mtu. Nitamwambia mwenyewe siku atakayokaa.

Nilienda Majengo na aproni yangu. Sikumbuki barabara. Rafiki yangu alikuwa anamlisha dada yake uji. Aliona karatasi mkononi mwangu, akaweka kijiko chini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua, shoga."

"Tangu lini?"

"Tangu Limuru. Alisema kwenye mduara. Alisema ana uvimbe, umeshashika ini, na kwamba alitaka wewe usikie wa kwanza. Akawa anaangalia vile viatu."

"Na wewe ukaja kwangu, ukanywa chai yangu, ukanyamaza!"

"Si ni wewe?" Na yeye sauti yake ikapanda. "Si ulisimama mlango huu huu? Kisivuke! Atakayevusha asikanyage kwangu! Tuliongea sisi, usidhani hatukuongea. Tukasema labda tumwambie. Halafu kila mmoja anamwuliza mwenzake, nani atathubutu kumvunjia yule mama amri yake? Na mtoto mwenyewe ametuomba."

"Mimi nilikuwa nakataza umbea. Maneno ya watu."

"Na yeye si mtu?"

Dada yake alikuwa amefungua mdomo anangoja uji. Rafiki yangu akachukua kijiko, akaendelea kumlisha, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Hiyo mikono niliijua, ilikuwa kama yangu.

Nilirudi nyumbani. Jiko lilikuwa linawaka, maharagwe juu. Nikaepua maharagwe, nikamwaga majivu juu ya makaa mpaka yakafa. Nikachukua kile kiti kidogo, nikaingia chumbani, nikakaa.

Alifungua macho. "Nini kimeungua?"

"Hakuna kitu."

"Kuna nini kwa jiko?"

"Hakuna. Nimezima."

Akaniangalia tena, kama siku ile ya mikeka. Akaangalia mikono yangu kama ina kitu. Haikuwa na kitu.

"Basi ngoja nikuambie," akasema.

Akaniambia yote tangu mwanzo, polepole, akipumzika katikati. Na mimi nilimsikiliza kama mtu asiyejua. Ile karatasi nilikuwa nimeirudisha kwenye mkoba. Aliniambia alivyogundua, akaniambia daktari alivyosema, akaniambia kwamba siku tatu zile alizitaka kwa ajili ya kina mama, ni kweli, lakini ile asubuhi moja aliitaka kwa ajili yake. "Nilijua hapa nyumbani hutakaa," akasema. "Nikasema nikikutoa mbali na jiko lako." Akacheka kidogo. "Nikasahau Limuru pia kuna jiko."

Nilimwambia, "Siku ya baba yako nilikuruka."

"Ndiyo," akasema. "Sasa umekaa."

Nililia mbele yake. Hakunipa chai.

Tulikaa hivyo wiki chache. Nilijifunza kukaa nikiwa mzee, na mwalimu wangu alikuwa anaondoka. Alipenda nimsomee ile orodha yetu ya Limuru kwa kidole changu, sufuria nne, mwiko mrefu, chupa kumi na mbili, na nikifika kwenye mikeka ishirini na mitano alikuwa ananibana mkono. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Alifariki mchana, mimi nimekaa.

Kufikia saa kumi walikuwa wamejaa. Wale ishirini na wanne wote, na kina mama wa kanisa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Sufuria kubwa nne ziliingia. Chupa za chai kumi na mbili. Mikeka ikaja kutoka Majengo ikiwa imeviringishwa, ile ile, na mmoja ulikuwa bado na jani kavu la chai kwenye ukindu wake. Walifanya vile nilivyowafundisha. Mimi niliwekwa kwenye kiti nikatulia kama mzigo.

Ndipo nikamwona mjukuu wangu. Ana miaka kumi na saba. Alikuwa amefunga aproni yangu, ameikunja kiunoni kwa sababu ni kubwa. Anaosha vikombe. Anapanga kwenye sinia, anajaza chai, anapeleka, anarudi na vitupu, anaosha tena. Uso mkavu. Watu wanamwambia pole, anawapa kikombe. Hakuwa amekaa tangu mama yake afunge macho.

Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Ona huyo mtoto. Hata hajatoa chozi. Huyo ni shosho yake mtupu. Ni jiwe."

Alisema kwa kusifu.

Nikainuka. Nikaenda mpaka jikoni, nikasimama kwenye ile ngazi ya mlango. Alikuja na sinia, akataka kunipita.

"Shosho, samahani, wageni wa nje bado hawajapata."

"Weka hicho kitu chini."

"Chai itapoa, shosho."

"Ipoe."

Akabaki amelishika, vikombe vinagongana. Nikalichukua sinia mikononi mwake nikaliweka chini mimi mwenyewe. Kisha nikageuka, nikaita kwa ile sauti yangu ambayo mtaa mzima unaijua, wote wakanyamaza, wa ndani na wa nje, na nikawaambia watu wa nyumba yangu:

"Zimeni jiko. Tandikeni mikeka. Na mtu yeyote asisimame."